Vuli ya Buyangu

Ndugu yangu Lumadede amenitumia picha:
msitu mzima umeshika moto bila moshi,
barabara imepita katikati kama mkanda,
naye amesimama ndani ya koti zito, mikono mfukoni, anacheka.
Chini yake ameandika: Vuli imefika.

Nililisoma neno hilo mara mbili.
Vuli kwetu ni mvua ya pili,
ni maharage yanayochungulia udongoni,
ni viatu vilivyoachwa mlangoni vimevaa matope.
Vuli kwetu haiangushi kitu ila mvua ya mawe,
nayo huyeyuka kabla mtoto hajamaliza kuihesabu.
Nikamjibu: Umekosea neno.
Akajibu: Sina jingine.

Jumamosi nikamwambia mama, vaa raba, tunatoka.
Wapi?
Msituni.
Kuni zimeisha?
Hapana, mama. Kutazama tu.
Akanitazama mimi kwanza.

Mama yangu Mmbone, miaka sitini na minane,
nyumba yake iko nusu saa kutoka msitu wa Kakamega,
naye anaujua kwa uzito, si kwa sura:
mzigo wa Jumatatu, mzigo wa Alhamisi,
kata ya majani ya mgomba iliyomla nywele za utosini,
na njia ya panya ya kuwakwepa askari.

Langoni tukatoa pesa. Kijana wa tiketi
akatupa stakabadhi mbili na ramani.
Mama akaigeuza yake juu chini.
"Zamani mlinifukuza humu bure,
leo nalipa niingie?"
Kijana akacheka. Mama hakucheka.
Kisha akacheka, tena kwa sauti,
hata mbega wakahama tawi.

Tulikipanda kilima cha Buyangu polepole,
yeye akitaja miti kama mwalimu mwenye daftari la mahudhurio:
mukumari, mwiritsa, lusiola,
huu ni wa tumbo, huu ulitupa mpini wa jembe,
na huu, murembe, haupikiwi ugali.
Mimi nilikuwa natafuta rangi.
Kijani. Kijani. Kijani kilicholala juu ya kijani,
kijani mpaka macho yakaomba ruhusa.
Nikaona haya kidogo, kwa ajili ya Lumadede,
kama mwenyeji aliyemkaribisha mgeni kwenye sufuria tupu.

Ndipo akanishika mkono. "Si unataka jekundu?"
Kando ya njia, musutsu.
Si mti wote; musutsu hauna haraka hiyo.
Jani moja hapa, jani moja kule,
rangi ya chungwa lililoiva hadi likajuta,
katikati ya wenzake wabichi wasiojua lolote.
"Huu hausubiri msimu," mama akasema.
"Kila siku unazeeka kidogo,
kila siku unachipua kidogo.
Nani atautengea sikukuu?"

Juu kabisa tukakaa mwambani.
Ukungu ulikuwa ukijikunja kutoka bondeni,
hondohondo wawili wakapita, mbawa zikihema.
Tulikula viazi vitamu na karanga za kwenye gazeti.
Nikagundua mikono ya mama haikuwa na kitu.
Imelala mapajani, viganja juu,
kama ya mtu aliyeambiwa asubiri kidogo.
Sijawahi kumwona hivyo msituni.
Sijawahi kumwona hivyo popote.

Tukishuka, akaokota tawi kavu,
akalibeba hatua kumi,
akakumbuka,
akaliegemeza shinani taratibu
kama fimbo ya mgeni aliyeingia ndani.

Ila jani moja la musutsu lilitoka nasi,
limekunjwa ndani ya stakabadhi.
Nikalipiga picha mezani jikoni,
kando ya kibiriti, aone ukubwa wake.
Lumadede akanyamaza siku mbili.
Kisha: Ni ule wa karibu na mto, tulipoficha manati?

Nikamuuliza mama.
Alikuwa anapepeta mtama, hakuinua kichwa.
"Huo ulikatwa zamani," akasema.
"Mwambie ndio."